Made in Japan ya Deep Purple: santuri waliyoichukulia poa ndiyo ya kununua

Naanza na ubishi kabisa ili anayetaka kukasirika akasirike mapema. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu cha Deep Purple, ile bendi ya roki ya Uingereza, yaani kimoja, usihangaike na Machine Head, santuri yao maarufu ya studio, usihangaike na zile santuri za mkusanyiko zinazotoka kila mara na nyimbo zilezile zimegeuzwageuzwa na picha mpya juu ya gamba, nunua Made in Japan. Ni ya laivu, ni ndefu, kuna sehemu inachosha na nitazisema, lakini katika vyote ambavyo hawa wazee wameuza tangu 1968 mpaka leo hakuna kingine kinachokuonyesha kwa nini watu waliwafuata namna ile na pia kwa nini wao kwa wao walikuwa hawawezi kukaa chumba kimoja. Vyote viwili vimo humu na unavisikia kwa masikio yako.

Mimi nimeishi nayo miaka mingi sana. Ya kwanza ilikuwa kanda ya kudurufu ambayo wimbo wa mwisho ulikatika katikati kwa sababu kanda yenyewe iliisha, maana Space Truckin' peke yake ni karibu dakika 20, sasa kanda ya dakika 60 itatoa wapi nafasi. Kwa hiyo siandiki kwa joto la wiki ya kwanza hapa.

Ndani kuna santuri mbili, nyimbo 7, jumla kama dakika 76. Ndiyo, nyimbo 7 tu. Zimerekodiwa tarehe 15 na 16 Agosti 1972 Osaka kwenye Festival Hall, na tarehe 17 Tokyo kwenye Budokan. Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba wenyewe hata hawakuitaka. Kampuni ya rekodi ya kule Japani ndiyo iliyong'ang'ania ipate kitu cha laivu cha kuuza Japani, jamaa wakakubali shingo upande na wakaweka sharti kwamba fundi wao Martin Birch ndiye arekodi (huyu ndiye baadaye aliwatengenezea Iron Maiden, bendi nyingine ya roki, santuri zao za miaka ya 80, kwa hiyo ujue mkono ulikuwa wa nani). Jon Lord alikuja kusema kazi nzima iligharimu kama dola 3,000 hivi. Ilipofika siku za kuchanganya sauti waliojitokeza ni wawili, Roger Glover wa besi na Ian Paice wa dramu, wengine hawakuona sababu ya kujisumbua. Halafu ile picha ya gamba, yenye maandishi makubwa kabisa Made in Japan, imepigwa London kwenye ukumbi wa Rainbow. Sijui walidhani hatutajua.

Sasa kwa yule ambaye anawajua kwa wimbo mmoja tu wa moshi juu ya maji, yaani Smoke on the Water, nimpitishe harakaharaka. Bendi ilianza 1968 Hertfordshire, Uingereza, jina lilitokana na wimbo wa zamani ambao bibi yake Ritchie Blackmore alikuwa anaupenda. Blackmore gita, Lord kinanda, Paice dramu, Rod Evans anaimba, Nick Simper besi. Wakaingia namba 4 Marekani kwa Hush, wimbo ambao wala hawakuutunga wao, huku nyumbani Uingereza hakuna aliyewajali. Mwaka 1969 Blackmore, Lord na Paice wakaona hapa hatufiki, wakawaleta Ian Gillan na Glover kutoka bendi inaitwa Episode Six, na mazoezi na hawa wapya yakafanyika kimyakimya wakati Evans na Simper bado wanapanda nao stejini kama kawaida. Roho mbaya? Ndiyo. Na hii tabia ya kufukuzana ikumbuke, maana ndiyo biashara yao ya pili baada ya muziki.

Septemba 1969 wakapiga na Royal Philharmonic Orchestra ndani ya Royal Albert Hall, kazi aliyoiandika Lord, wapiga violini wamejaa stejini wamevaa suti zao. Blackmore hakufurahia. Yeye alitaka kelele. Kwa hiyo 1970 ikaja In Rock, kelele tupu, ile yenye sura zao zimechongwa kwenye mlima, na kuanzia hapo kelele ikawa ndiyo kazi, mpaka kitabu cha Guinness kikawaandika kuwa bendi yenye sauti kubwa kuliko zote duniani kwa shoo ya 1972 pale pale Rainbow, desibeli 117. Humu kwenye Made in Japan kuna sehemu Gillan anamwambia fundi wa sauti aweke kila kitu juu kuliko kila kitu. Hesabu haikubali lakini ukisikiliza unaona fundi alijaribu.

Tuweke sindano. Highway Star inaanza na mlio mmoja wa kinanda na snea ya Paice, ile ngoma ya mlio mkali kwenye dramu, inagonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, halafu taratibu kila mtu anaingia. Huu wimbo walitunga kwenye basi wakiwa njiani kwenda Portsmouth, mwandishi mmoja wa habari kawauliza hivi nyimbo mnatungaje, Blackmore akachukua gita akasema hivi, na jioni hiyohiyo wakaupiga. Toleo la studio ni zuri na ni safi, kila noti imekaa mahali pake, ila la laivu lina ile hatari, unasikia Paice anasukuma mbele na wengine wanamkimbiza na kuna sekunde unahisi gari litaacha njia na haliachi. Solo ya Lord inakuja kwanza, ya Blackmore baadaye, zote mbili zinanuka muziki wa kanisani na wa kina Bach, zimepigwa kwa spidi ya wahuni. Kinanda cha Lord ni Hammond amekipitisha kwenye amplifaya za Marshall, zile za gita, ndiyo maana mara nyingi hujui anayenguruma sasa hivi ni kinanda au ni gita. Mimi ilinichukua miaka kutofautisha na bado nakosea.

Child in Time. Sikiliza, hapa sitasema mengi maana kila mtu amesema. Dakika 12, inaanza polepole kama mtu anambembeleza mtoto, halafu Gillan anaanza kupanda ngazi moja, mbili, tatu, sauti haina maneno tena, na pale juu kabisa unajiuliza huyu mtu koo lake limetengenezwa na nini. (Ndiye aliyeimba sehemu ya Yesu kwenye santuri ya kwanza ya Jesus Christ Superstar ya 1970, kama ulikuwa hujui sauti ile ni ya nani.) Ule mchezo wa kinanda wa mwanzo waliuchukua kwa bendi ya Marekani inaitwa It's a Beautiful Day, na Gillan mwenyewe hajawahi kulificha. Nampenda zaidi kwa hilo. Miaka ya 2000 mwanzoni akaacha kuuimba kabisa, umri umekwenda, ile ngazi haipandiki tena, na akaona kuliko kuuimba nusunusu bora usiimbwe. Kwa hiyo leo ukienda shoo yao usikae unapiga kelele unauomba, unawatia watu aibu. Upo hapa, upande wa kwanza, wimbo wa pili, na haujazeeka.

Upande wa pili ndio wenye Smoke on the Water na hapa ndipo naona watu wanadanganyika wananunua santuri isiyo yenyewe. Stori unaijua, 4 Desemba 1971 Montreux kule Uswisi, walikwenda kurekodi ndani ya kasino na gari la studio walilokodi la Rolling Stones, Frank Zappa, mwanamuziki wa Marekani, yuko stejini na bendi yake, mtu mmoja ukumbini akafyatua fataki ikapiga dari, jumba lote likateketea, wao wakatazama moshi ukitanda juu ya ziwa. Sehemu isiyosimuliwa sana ni ya baada ya hapo. Walihamia ukumbi mwingine wakafukuzwa kwa kelele, wakaishia kwenye Grand Hotel iliyokuwa imefungwa kwa ajili ya baridi, wakapanga magodoro kwenye korido kuzuia sauti, na kufika kwenye gari la kurekodia kusikiliza walichopiga ilibidi kupita vyumba na vibaraza kwenye baridi ile, mpaka wakachoka wakawa hawaendi tena, wakipiga kikikaa vizuri basi tunaendelea. Yaani Machine Head, santuri iliyowatajirisha, imerekodiwa na watu wavivu wa kutembea! Ndiyo maana nasema hata ile ya studio ni laivu iliyojificha, na miezi minane baadaye Osaka wakafanya kitu kilekile mbele za watu, bora zaidi.

Kwa sababu Smoke ya Osaka ina kitu ile ya studio haina. Blackmore anaanza ule mchezo ambao kila mwanafunzi wa gita duniani ameuharibu (wengi wanaugonga na kipiki, yeye anaufinya nyuzi mbilimbili kwa vidole, jaribuni muone tofauti), watu wanaanza kupiga makofi, Paice anaingia na hai-hati, vile visahani vya dramu, Glover anakuja na besi na hapo kifua kinajaa. Mwishoni Lord na Blackmore wanatupiana vipande huku na huku kama watu wanaotaniana barazani. Wimbo wenyewe walikuwa hawana habari nao, haukutolewa kama singo mpaka 1973, ulipotolewa ukafika namba 4 Marekani. Hii bendi kujua ipi ni mali yao haijawahi kuwa kipaji chao.

Halafu The Mule. Jamani. Dakika 9 na nusu na sehemu kubwa ni Paice peke yake na dramu zake. Najua ni fundi, pengine ndiye ninayempenda kuliko wote humu, anatumia mkono wa kushoto, ana mzungusho fulani wa snea kama mvua ya kwanza kwenye bati, na ndiye peke yake aliyekuwepo kwenye kila safu ya Deep Purple tangu 1968 bila kukosa hata moja. Wengine wote wamekuja wametoka wamerudi wamefukuzwa wamefariki, yeye amekaa kwenye kigoda chake. Lakini solo ya dramu kwenye santuri ni kama picha ya chakula. Ukumbini ungesimama ungeshangilia, nyumbani unainuka kwenda kuchemsha chai. Nakata nusu nyota hapa na simwombi mtu radhi.

Upande wa tatu ndio roho ya santuri nzima kwangu, Strange Kind of Woman. Wimbo wenyewe ni wa kawaida tu wa kumsifia mwanamke, ila katikati Blackmore na Gillan wanasimama wanatazamana, gita linasema kitu, sauti inajibu vilevile, gita linaongeza ugumu, sauti inafuata, wanapanda hivyohivyo mpaka Gillan anatoa ukelele mrefu ambao sidhani hata gita lingeuweza. Watu wanacheka ukumbini, unawasikia. Ni mchezo mtamu. Ila ukiusikiliza mara ya kumi unaanza kusikia kitu kingine, hawa watu wawili hawachezi tena, wanashindana, kila mmoja anataka mwenzake ashindwe mbele ya Wajapani wote wale. Mafahali wawili, zizi moja, na tiketi zimeuzwa.

Na haikuchukua hata mwaka. Gillan aliandika barua ya kuacha kazi, na onyesho la mwisho la safu ile likawa tarehe 29 Juni 1973, wapi? Osaka. Mji uleule. Glover naye akaondoshwa. Santuri ilipokuwa ndiyo kwanza inapanda chati Marekani bendi iliyoipiga ilikuwa inafungasha.

Kilichofuata nakipitisha mbiombio ingawa kuna watu wanakipenda. Wakamchukua David Coverdale, kijana asiyejulikana aliyekuwa anauza nguo dukani kaskazini mwa Uingereza, na Glenn Hughes wa besi ambaye naye anaimba vizuri kuliko waimbaji wengi. Burn ya 1974 ni kali na kama ukipata chenji baada ya Made in Japan hiyo ndiyo ya pili, nimemaliza. Mwaka huohuo kule California Jam, Blackmore kakasirika akamtwanga gita kamera ya televisheni na kulipua amplifaya zake mwenyewe stejini. 1975 akaondoka kwenda kuanzisha bendi yake ya Rainbow, akaja Tommy Bolin, kijana wa Kimarekani mwenye kipaji na matatizo ya unga, machi 1976 bendi ikafa Liverpool. Bolin naye akafariki 4 Desemba 1976, miaka mitano kamili tangu siku kasino ilipoungua. Tarehe zinajua kukutisha wakati mwingine.

Kuna kituko cha 1980 lazima nikiseme. Rod Evans, yule mwimbaji wa kwanza aliyetolewa kimyakimya, akaibuka Marekani na bendi inaitwa Deep Purple ndani yuko yeye peke yake, wengine wote watu wapya kabisa, wakawa wanauza tiketi. Wakashtakiwa, wakashindwa, Evans akapoteza na mirabaha yake ya zile santuri za mwanzo. Mtu wa watu baada ya hapo akapotea kabisa hadharani.

1984 wale watano wa Osaka wakarudiana wakatoa Perfect Strangers, na ule wimbo wenye jina la santuri ni mzito, mwendo wa tembo, naupenda sana. Ila ugonjwa ulikuwa uleule. 1989 wakamfukuza Gillan, wakamleta Joe Lynn Turner aliyekuwa Rainbow, halafu wakamrudisha Gillan, halafu Novemba 1993 Blackmore akaacha ziara katikati ya Ulaya na huo ukawa mwisho wake. Shoo za Japani zilikuwa tayari zimepangwa, ikabidi waombe msaada kwa Joe Satriani, mpiga gita wa Marekani. Japani tena, unaona, kila kitu cha hii bendi lazima kipite Japani.

Hapo ndipo bendi nyingi zingekufa na hii ikaamua kuzeeka. Steve Morse aliingia 1994 akakaa mpaka 2022, muda mrefu kuliko Blackmore ukijumlisha awamu zake zote mbili, alipoondoka ilikuwa kumuuguza mkewe na sio ugomvi, nadhani ni mpiga gita wa kwanza wa Deep Purple kuondoka kwa heshima. Lord alistaafu 2002 akakiacha kinanda kwa Don Airey, akafariki Julai 2012. Sasa gita ni Simon McBride wa Belfast. Waliingizwa Rock and Roll Hall of Fame 2016, Blackmore hakwenda, ulitegemea nini. 2017 wakaanza ziara waliyoiita ya kwaheri ndefu na kusema kweli kwenye hiyo "ndefu" hawakudanganya.

Nimesikiliza na ile ya 2024, =1, ili nisionekane mzee wa kanda tu. Sio mbaya hata kidogo! Prodyuza ni Bob Ezrin, yuko nao tangu Now What?! ya 2013 waliyomkumbukia Lord, na alichofanya ni kuwaambia wapige pamoja chumbani kama zamani waache kubembeleza redio. Gillan haendi tena juu, anaimba kama babu mwenye stori za utani, inamkaa. McBride ana njaa ya kijana, Paice bado anapiga ileile mvua ya bati ingawa 2016 alipata kiharusi kidogo. Unasikia watu wanaopendana. Na hapo ndipo tatizo langu, siwezi kuificha, wanapendana mno. Hakuna anayetaka kumshinda mwenzake. Nyimbo zinaisha kwa adabu dakika ya nne, kila mtu kapata zamu yake, asante. Naifurahia, halafu nairudisha kwenye gamba, halafu mkono wenyewe unakwenda kwenye ile yenye gamba la dhahabu, Made in Japan.

Nilisahau Lazy. Upande wa tatu wimbo wa pili, wa Tokyo, Lord anaanza na makelele ya kinanda kama mashine inawaka vibaya, anachomekea na kipande cha Louie Louie, halafu Blackmore anachomekea wimbo wa Kiswidi wa zamani katikati ya bluzi kana kwamba ni kitu cha kawaida, Gillan anapuliza kinanda cha mdomo. Dakika 10 na hutaona zimeenda wapi. Hili ndilo sebene lao.

Sasa ununue toleo lipi, maana kuna mengi na wauzaji wanapenda kutuchanganya. Lile la asili la santuri mbili, kama liko kwenye hali nzuri, linatosha, bendi wenyewe walisema hawakuongeza kitu studioni baada ya shoo na ninawaamini kwa sababu makosa madogomadogo bado yamo. Toleo la 1998 lina sidii ya ziada yenye nyimbo za kurudi stejini, Black Night, Speed King na Lucille, hilo ndilo ningempa mtu anayeanza. Kuna Live in Japan ya 1993, sidii 3 za zile siku tatu, na 2014 likatoka kasha kubwa lenye maonyesho yote matatu kamili. Hayo makubwa ni ya wagonjwa kama mimi ambao wanataka kujua Child in Time ya tarehe 15 ilikuwaje ukilinganisha na ya tarehe 16. Mtu mwenye kazi zake na familia hahitaji. Kitu cha kuangalia tu, usisikilize kwa simu na spika yake ndogo, besi ya Glover inapotea yote na bila besi ya Glover unabaki na watu wawili wanagombana.

Na ukinunua ya mtumba fungua gamba kabla hujalipa. Mimi nilipoamua kuachana na kanda nikaagiza santuri kwa muuzaji mmoja, maelezo yake yalisema hali nzuri sana, mbili zote zipo. Kweli zilikuwa mbili. Zote mbili ilikuwa ni ya kwanza! Highway Star na Highway Star. Nimemwandikia ananijibu kwamba alisema zipo mbili na zipo mbili. Kwa hiyo baada ya kanda kunikatia Space Truckin', santuri nayo ikaninyima, nikaja kuusikia mpaka mwisho miaka mingi baadaye kwenye sidii, nimefunga mlango, nimevaa hedfoni, moyo unadunda.

Dakika 5 za mwanzo ni wimbo, mkali, wa kuruka. Baada ya hapo wanaingia kwenye kipande walichokitoa Mandrake Root, wimbo wao wa enzi za Evans, na Lord anazama kwenye kinanda kinalia kama meli inazama nacho, halafu Blackmore naye anashuka kwenye pango lake, halafu kelele, halafu kelele nyingine. Kuna dakika 3 humo ni tamu mno na kuna nyingine 7 hivi ambazo ukiniuliza zilikuwa zinatafuta nini sina jibu, na sidhani kama wao walikuwa nalo. Nyota 4 na nusu. Sasa hivi ninazo santuri zote mbili, zile halali, na upande wa nne nauweka mara mojamoja, na mara nyingi nainua sindano katikati, palepale ambapo ile kanda ilikuwa inakatika.